Huyu Traditionnel ni mutoto ya nani?

Tangazo lilibandikwa kwenye valve ya kitivo wiki mbili kabla: jioni ya muziki wa Ulaya katika ukumbi wa parokia, kiingilio bure, mada ikiwa watunzi na uhusiano kati yao. Nilikwenda kwa sababu mbili zisizo na heshima sana. Ilikuwa bure, na mwenzangu wa darasa, ambaye ni mwanakwaya, alikuwa amenishikia kiti. Nilirudi nyumbani Kadutu nikiwa na karatasi ya programu mfukoni na swali ambalo limenilazimisha kuandika upya sura nzima ya memwari yangu. Naliandika hapa kwa sababu naamini si langu peke yangu. Ni letu sote tunaokusanya maneno ya watu na kuyapeleka darasani.

Kwanza niseme wazi kwamba jioni ile ilikuwa nzuri. Walikuwepo wapigaji watano: fidla mbili, viola moja, selo moja, na mmoja aliyepiga kinanda cha umeme kwa kuwa ukumbi hauna piano. Muziki wa aina hii hutungwa kwa wapigaji wachache, kila mmoja na sauti yake, bila kiongozi wa kusimama mbele na kijiti. Wanatazamana. Mmoja anavuta pumzi, na wengine wanajua kwamba ni wakati wa kuingia. Kabla ya kila kipande, mpiga viola alisimama akatueleza kwa Kifaransa nani alimjua nani, nani alimfundisha nani, nani alimjibu nani. Kwenye karatasi ya programu majina yalikuwa yameunganishwa kwa mishale, kama ukoo unavyochorwa.

Mshale wa kwanza ulitoka kwa Haydn kwenda kwa Mozart. Haydn alimzidi Mozart kwa miaka 24, yaani umri wangu wote. Mwaka 1781 alitunga kwateti sita, zile zinazojulikana kama opus 33, na Mozart alizisoma kama mwanafunzi anavyosoma kitabu cha mwalimu anayemheshimu na kutaka kumfikia. Kati ya 1782 na 1785 naye akatunga sita zake. Tarehe 12 Februari 1785 Haydn alialikwa nyumbani kwa Mozart mjini Vienna kusikiliza tatu za mwisho, na baada ya kusikiliza alimwambia baba wa Mozart kwamba mwanawe ndiye mtunzi mkuu kuliko wote aliowafahamu. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo zilipochapishwa, Mozart aliandika barua ya kuzitabaruku kwa Haydn, akiziita watoto wake na kumwomba mzee huyo awalee. Barua ile aliiandika kwa Kiitaliano, ingawa wote wawili walikuwa wasemaji wa Kijerumani. Sisi wa isimujamii tungeweza kukaa na jambo hilo peke yake kwa saa mbili.

Mshale wa pili ulikuwa mafundo kadhaa: Robert Schumann, mkewe Clara, kijana Brahms, na rafiki yao Joachim, mpiga fidla. Mwezi wa Oktoba 1853, mjini Düsseldorf, Joachim alikuwa anakuja kuwatembelea. Schumann, mwanafunzi wake Albert Dietrich, na Brahms aliyekuwa na miaka 20 tu, wakagawana kazi ya kumtungia sonata moja. Dietrich alitunga sehemu ya kwanza, Schumann ya pili na ya nne, Brahms ya tatu. Zawadi ile waliijenga juu ya herufi F, A, E, ambazo kwa Wajerumani ni majina ya noti, zile tunazoziita fa, la, mi. Herufi hizo zilifupisha msemo aliokuwa akiupenda Joachim, unaomaanisha "huru lakini mpweke". Joachim alipofika aliipiga sonata hiyo pamoja na Clara kwenye piano, akaombwa abahatishe nani katunga sehemu ipi. Akapatia zote.

Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Msemo wa mtu mpweke umeandikwa na mikono mitatu, na mwenye msemo anatambua kila mkono kwa sikio tu! Sisi tunafundishwa jambo hilohilo kuhusu lugha. Hakuna msemaji aliyeanza kusema peke yake. Mashi haieleweki bila Kihavu kilicho jirani yake, na Kiswahili cha Bukavu hakieleweki bila Kifaransa, Lingala na Mashi zilizomo ndani yake. Utunzi ni mazungumzo. Nilipiga makofi kwa moyo wote.

Kisha kikaja kipande cha mwisho.

Mpiga viola alisema kwamba, kwa heshima ya mji uliowapokea, watapiga wimbo wa hapa. Karatasi iliandika hivi: "Chant traditionnel shi". Basi. Hapakuwa na mshale, jina, kijiji wala mwaka. Selo iliimba sauti ambayo mimi niliitambua mara moja, kwa sababu miezi mitano iliyopita niliirekodi. Ni wimbo wa kumsindikiza bibi harusi anapotoka kwao. Watu ukumbini walifurahi, wengine waliitikia kwa sauti ya chini. Nami nilifurahi, lakini nikawa naitazama karatasi. Haydn alikuwa na rafiki. Brahms alikuwa na mwalimu. Wimbo wetu ulikuwa kama umeokotwa njiani.

Kesho yake nilimpelekea bibi yangu karatasi ile. Yeye ndiye aliyeniimbia wimbo huo kwa ajili ya memwari. Hasomi Kifaransa, basi nikamsomea na kumweleza: huyu alikuwa mwalimu wa huyu, huyu alimwandikia huyu. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama Clara alikuwa na watoto. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho nikamsomea: "Chant traditionnel". Akaniuliza: "Huyu Traditionnel ni mutoto ya nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwekea dakika mbili nilizorekodi kwa simu. Alisikiliza mara moja, akasema: "Hii ni ya Ngweshe. Sisi ba Kabare hatuimbake hivi ku mwisho." Kisha akanieleza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza katika vikao vinne vya kurekodi. Wimbo huo alifundishwa na shangazi yake, dada wa baba yake, aliyekuwa ameolewa Ngweshe, na ambaye alirudi nao Kabare alipokuja kumwoza binti wa ndugu yake. Wanawake wa Kabare waliupokea, lakini wakaubadilisha mwisho. Na ubeti wa tatu, ule unaotaja mvua na barabara iliyokatika, aliutunga yeye mwenyewe, siku alipoolewa mdogo wake na wenyeji wa bwana harusi wakachelewa kufika hadi jioni.

Sasa nawaomba walimu wetu wanisamehe, maana lazima nianze na kosa langu. Katika rasimu ya memwari yangu, bibi huyu anaitwa "Inf. 1". Wimbo wake unaitwa "Matini ya 4, wimbo wa jadi". Kuhusu ule mwisho unaoimbwa kwa namna mbili, niliandika kwamba ni tofauti isiyo na sababu maalumu, msemaji akiwa huru kutumia hii au ile. Kumbe sababu ipo, ina jina, ina ukoo, na ilitembea kwa miguu kutoka Ngweshe hadi Kabare. Nilikuwa na shahidi wa mahali wimbo ulipopita na lahaja ilipogawanyika, ameketi mbele yangu akimenya maharage, nikampa namba.

Katika fani yetu tumezoea namba. Tangu Guthrie, lugha zetu zina hati za utambulisho: Mashi ni JD53, Kihavu JD52, Kifuliiru JD63, Kirega D25. Sina ugomvi na namba hizo. Zinasaidia kupanga. Lakini namba ya lugha inafanya kazi kwa sababu inaonyesha uhusiano: 52 na 53 zimekaa pamoja kwa kuwa lugha zenyewe ni jirani. "Inf. 1" haionyeshi uhusiano wowote. Inasema tu kwamba nilianza na huyu.

Na jambo hili halikuanza nami. Mwaka 1951 na 1952 Mmarekani Alan Merriam alifanya utafiti wa muziki miongoni mwa Bashi, na kitabu chake kikuu cha mwaka 1964 kinautumia utafiti huo. Humo mna kisa kinachosimuliwa hadi leo katika madarasa ya anthropolojia: wasichana waliofanya kazi katika shamba la Mzungu, mwenye shamba akiwepo, waliimba malalamiko yao ambayo hawakuweza kumwambia kwa maneno ya kawaida. Ni mfano mzuri sana wa kazi ya wimbo katika jamii. Lakini kisa hicho kinazunguka duniani kama kisa cha "wasichana Bashi". Yule aliyetunga maneno yale, akapima ujasiri wake na hasira ya bwana, angepaswa kuwa na mshale wake.

Tazameni pia Missa Luba, muziki wa Kongo uliojulikana mbali kuliko mwingine wowote wa kanisa. Iliimbwa Kamina mwaka 1958 na kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin. Ilikua kutokana na waimbaji wenyewe kubuni sauti pamoja papo kwa papo, juu ya maneno ya misa ya Kilatini. Jina linalotajwa nayo karibu kila mahali ni la padre Guido Haazen, Mbelgiji aliyeiongoza kwaya. Simnyimi haki yake, alifanya kazi kubwa. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kusikia jina la Joachim Ngoi, mwalimu wa shule aliyeimba sauti ya pekee katika rekodi ile? Nami nimelisikia kwa mara ya kwanza mwaka huu, nikitafuta la kuandika hapa.

Mtu atasema: hayo ni ya muziki wa wengi, na muziki wa wengi hauna mtunzi. Nimelisikia jibu hili darasani, na nililiamini. Lina ukweli ndani yake. Bibi yangu hakudai kwamba wimbo ni wake. Lakini tusome tena zile kwateti. Mozart hakubuni kwateti, aliikuta. Haydn naye alichukua mitindo ya dansi na nyimbo alizozikuta kwa watu. Tofauti iko hapa: kwao mtu aliulizwa umepata wapi, na jibu likaandikwa. Kwetu tumesema "ni wa wote", kisha tukaacha kuuliza. Kusema nani alimfundisha nani si kumpa mtu mmoja mali ya wengi. Ni kinyume chake. Kunaonyesha kwamba ni ya wengi kweli, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja na alichoongeza.

Tena desturi ya kutaja si ya Ulaya peke yake. Katika kozi yetu ya fasihi ya Kiswahili tumesoma kwamba watunzi wa tendi mara nyingi hujitaja mwishoni, pengine na mwaka. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na hadi leo tunajua mama ni nani na binti ni nani. Jirani zetu Waganda nao wanajua mishale yao. Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, iliyoimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Justinian Tamusuza alisoma Belfast kwa Kevin Volans, mtunzi mzaliwa wa Afrika Kusini, na mwaka 1988 akatunga kwateti yenye jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani katika njia ya msalaba. Mwaka 1992 Kronos Quartet ya Marekani waliweka sehemu yake ya kwanza katika albamu ya Pieces of Africa, na katika albamu hiyohiyo yumo Volans mwenyewe. Mwalimu na mwanafunzi, bega kwa bega, kama Haydn na Mozart. Kumbe kwateti inaweza kuzungumza Kiganda na bado ikawa na jina la mtunzi na la mwalimu wake.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi. Tunafundishwa kuficha majina kwa ajili ya usalama wa watu. Katika Kivu yetu hilo si suala la vitabuni. Kuna maneno ambayo msemaji wake akijulikana anaweza kudhurika, na mtafiti anayelisahau hilo ni mtu hatari. Nalikubali bila masharti. Lakini nikijiuliza kwa uaminifu, mimi sikumficha bibi yangu ili kumlinda. Sikumuuliza. Namba ilinilinda mimi dhidi ya kazi ya ziada. Kumficha mtu kwa ombi lake ni heshima. Kumfuta bila kumuuliza ni uvivu wenye sura ya maadili.

Niongeze onyo moja kwa wale wanaodhani mishale peke yake inatosha. Katika karatasi ile ya programu, Clara Schumann alitajwa mara moja, kama mke. Jioni nzima hatukusikia hata noti moja aliyotunga, ingawa ana trio ya piano, fidla na selo ya mwaka 1846 ambayo ingefaa kabisa kwa wapigaji wale. Kwa hiyo uhusiano nao unaweza kumficha mtu. Bibi yangu aliuliza kama Clara alikuwa na watoto; watayarishaji wa jioni ile wangeweza kuuliza alitunga nini. Tunapomwandika mwanamke kama shangazi wa fulani au mama wa fulani, tuandike pia alichotunga.

Napendekeza mambo matatu, madogo na yasiyohitaji fedha. Kwanza, kila matini simulizi katika kazi zetu za kumaliza masomo yawe na mistari mitano juu yake: ameimba au amesema nani, alijifunza kwa nani, wapi, nini ameongeza au kubadilisha, na je, anakubali kutajwa. Akikataa, tuandike kwamba amekataa; hilo nalo ni jibu. Pili, neno "wa jadi" tusiliandike kabla ya kuuliza. Liwe la mwisho, baada ya kutafuta na kukosa. Tatu, mapitio haya yanapochapisha nyimbo na hadithi za wanafunzi, yafuate utaratibu huohuo, ili msomaji wa miaka thelathini ijayo asilazimike kubahatisha kama Joachim, maana hatakuwa na sikio la Joachim.

Wapigaji wale siwalaumu. Walipewa wimbo bila jina, nao wakauandika bila jina. Huenda waliupata kutoka kwenye memwari ya mtu kama mimi. Niliwaandikia kuwaeleza kuhusu mwisho wa Ngweshe na mwisho wa Kabare. Mpiga viola alijibu siku hiyohiyo akiomba rekodi.

Rekodi bado sijamtumia, kwa sababu safari hii nilikwenda kuuliza kwanza. Bibi alifikiri kidogo. Alisema wanaweza kuupiga, mradi wasiuache ubeti wa mvua. Nikamuuliza kama jina lake liandikwe kwenye memwari na kwenye karatasi yao. Hapa silitaji, kwa kuwa ruhusa aliyonipa ni ya huko. Alinijibu: "Kama unaandika jina yangu, andika na ya shangazi." Nikatoa kalamu. Kisha nikamuuliza shangazi naye alifundishwa na nani, na tukakaa hadi giza likaingia.